SIKU TANO KWA MIGUU KATIKA NCHI YA MIZEITUNI

Mtu akikuambia kwamba amelipa fedha ili apate kutembea kwa miguu, bila shaka utamtazama mara mbili. Sisi tuliozaliwa milimani tumetembea tangu utoto: shuleni kwa miguu, kanisani kwa miguu, sokoni kwa miguu na mzigo kichwani. Mwenye baiskeli tulimwona bwana, na mwenye motokaa tulimpisha njiani. Basi binti yangu, ambaye ni mwuguzi katika mji wa Perugia huko Italia, aliponiandikia kwamba amenilipia likizo ya kutembea siku tano, nilidhani amekosea kuandika. Nikampigia simu.

"Hukusoma vibaya, Baba," akasema. "Tutatembea, mimi na wewe na watu wengine wachache. Wewe njoo tu."

Nikaenda, mwishoni mwa Oktoba. Lakini yapasa niseme kweli: sikwenda kwa ajili ya kutembea. Nilikuwa na neno la kumwambia mtoto huyu ana kwa ana. Tangu mama yake alipofariki, nimebaki peke yangu katika kihamba chetu huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wanangu wawili wa kiume wako Dar es Salaam na Arusha, wana kazi zao na nyumba zao, na kila mmoja nilimwuliza mara mbili kama atarudi kuitunza migomba na kahawa. Mara mbili walikataa, kwa adabu. Tena alikuwa amejitokeza mtu wa kununua. Nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni.

KUNDI DOGO

Tulikuwa watembezi wanane, mbali na kiongozi wetu, mama mmoja wa Kiitalia aliyesomea kazi hiyo na kupata cheti. Walikuwapo Waholanzi watatu, mume na mke kutoka Uingereza, Mjerumani mmoja, na sisi wawili. Kazi hii ina utaratibu wake. Mizigo mikubwa hupelekwa kwa gari kutoka nyumba ya kulala hadi nyingine. Mtembezi huchukua shanta tu mgongoni, lenye maji, mkate wa mchana na koti la mvua. Kundi huwa dogo kwa sababu njia ni nyembamba, na nyumba za wageni ni za wakulima, zenye vyumba vichache. Na mwendo huwa ni wa yule aliye mwepesi wa kuchoka, wala si wa mwenye nguvu. Kiongozi hatembei mbele siku zote. Mara nyingi yuko nyuma, karibu na anayechechemea.

Siku ya kwanza anayechechemea nilikuwa mimi. Binti yangu alikuwa ameniagiza nije na viatu nilivyokwisha kuvizoea. Mimi nikaona aibu kwenda Ulaya na viatu vikuukuu, nikanunua vipya. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa na malengelenge miguu yote miwili, na bibi mmoja wa Kiholanzi mwenye miaka 74 alinipita akitabasamu, fimbo mkononi. Ndipo nilipoacha kucheka watu wanaolipia kutembea.

KUTOKA ASSISI

Tulianzia Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko. Alizaliwa hapo mwaka 1181 au 1182, mtoto wa tajiri mwenye duka la nguo, akafa mwaka 1226 chini kidogo ya mji, akiwa hana kitu. Kanisa kubwa lililo juu ya kaburi lake lilianza kujengwa mwaka 1228. Tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu ya dari yake na kuua watu wanne waliokuwa ndani, watawa wawili na mafundi wawili waliokuja kukagua madhara ya tetemeko la usiku uliotangulia. Mafundi waliokota vipande vya picha za dari kimoja kimoja, maelfu kwa maelfu, wakaviunganisha upya. Nilisimama chini ya dari hiyo na kuwaombea wale wanne.

Kutoka mjini njia yapanda katika msitu wa mialoni mpaka Eremo delle Carceri, mahali Fransisko na wenzake walipojificha kusali. Ni mapango madogo, kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Mbele zaidi msitu wakoma, nawe watokea juu ya mlima Subasio, ambao kilele chake ni nyasi tupu, na farasi wanalisha. Kiongozi alituambia kwa fahari kwamba tumefika mita 1,290. Binti yangu akanikonyeza. Nyumba yangu iko juu kuliko hapo, na mimi huuita huo uwanja wa nyumbani, siuiti mlima.

Njia zimetiwa alama za rangi juu ya mawe na miti. Nyekundu na nyeupe ni za chama cha wapanda milima cha Italia. Manjano na buluu ni za njia ya mahujaji ya Fransisko. Jioni, baada ya kilomita 15 au zaidi, tuliteremka Spello, mji mdogo wa mawe yenye rangi ya waridi, wenye malango yaliyojengwa na Warumi wa kale. Katika sikukuu ya Ekaristi watu wa Spello hukesha usiku kucha wakitandaza mazulia ya maua barabarani, ili Mwili wa Bwana upitishwe juu yake asubuhi.

Chakula chao kilinipendeza. Kuna ugali wa mahindi ya manjano wauitao polenta, na kuna mkate mwembamba unaookwa juu ya bamba la moto, ndugu yake chapati. Mkate wao wa kawaida hauna chumvi kabisa. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1540 watu wa Perugia waligombana na Papa Paulo wa Tatu juu ya kodi ya chumvi, wakaamua afadhali kula bila chumvi. Vita vile vilitokea kweli, ila kama ndivyo vilivyouondolea mkate chumvi yake, hayo ni masimulizi.

NYUMBA ZISIZO NA WATU

Siku ya pili tulipita Foligno, mji wa bondeni, ambako mwaka 1472 kitabu cha mshairi Dante kilipigwa chapa kwa mara ya kwanza. Kisha tukapanda tena, na hapo ndipo nilipoanza kuona jambo lililonikosesha raha.

Milima yote ile, toka Assisi hata Spoleto, imevaa mizeituni. Miteremko ni mikali, na wazee wa zamani walijenga kuta za mawe bila udongo wala saruji, jiwe juu ya jiwe, ili kuzuia ardhi isiteremke. Mahali pengine kila mti una ukuta wake mdogo mfano wa mwezi mwandamo. Lakini hapa na pale tuliona kuta zimebomoka, miiba imepanda juu ya miti, na nyumba kubwa ya mawe imesimama peke yake bila paa, mtini umeota jikoni.

Nikauliza, watu hawa walikwenda wapi? Kiongozi akatueleza tulipokuwa tukila mkate kivulini.

Kwa mamia ya miaka, wakulima wengi wa sehemu hizi hawakuwa na ardhi. Walilima ya bwana shamba, wakakaa katika nyumba ya bwana shamba, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Familia moja iliweza kuwa na watu kumi na watano chini ya paa moja. Bwana aliweza kuwaondoa. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana waliona hakuna sababu ya kubaki. Wakashuka kwenda kwenye kiwanda cha chuma cha Terni, na Roma, na Torino, na hata nchi za mbali. Mwaka 1964 serikali ilipiga marufuku mikataba mipya ya nusu kwa nusu, na sheria ya mwaka 1982 ikafungua njia ya kugeuza iliyobaki iwe ya kodi. Lakini sheria ilipofika, nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa tupu.

"Na sasa," akasema yule mama, "watu wa mjini hununua nyumba hizo, huzitengeneza vizuri, na wageni kama ninyi hulala humo. Ni jambo jema. Lakini mgeni halimi."

Akaongeza kwamba mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu Roma, liliiandika mizeituni hii ya Assisi mpaka Spoleto katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Binti yangu akatoa simu yake kutazama orodha ile, kisha akanipa nisome bila kusema neno. Miaka saba mbele ya mizeituni, yaani mwaka 2011, walikuwa wameandika mashamba ya vihamba ya Shimbwe Juu, Uru, Tanzania.

Wasomaji, Shimbwe ni jirani zangu. Mifereji yao na yangu hunywa mlima mmoja. Nilikuwa nimesafiri mpaka Italia kutangaza habari ya kuuza kitu ambacho jirani zangu wameandikiwa Roma kwa ajili yake. Nikarudisha simu, nikafunga kamba za viatu, nikasema twendeni.

BIBI WA TREVI

Siku ya tatu hatukutembea sana. Trevi ni mji uliokaa juu ya kilima kama kofia, na mizeituni imeuzunguka pande zote. Chini yake, Bovara, uko mzeituni mmoja ambao wenyeji husema una miaka 1,700, na kwamba Mtakatifu Emiliano, askofu wao, alifungwa katika mti huo alipouawa kwa ajili ya imani. Shina lake limepasuka na kujisokota, lakini juu lina majani mabichi.

Tulilala kwa bibi mmoja mjane, mwenye miaka zaidi ya themanini, na asubuhi tukaombwa tumsaidie kuchuma. Hutandaza nyavu chini ya mti, kisha watu huchana matawi kwa vireki vya mkononi, na zeituni huanguka kama mvua ya mawe. Kazi hiyo naijua. Kahawa nayo yataka vidole. Bibi aliniangalia ninavyoshika tawi bila kulivunja, akamwambia binti yangu maneno fulani. "Anasema wewe si mtalii," binti yangu akafasiri.

Jioni tulipeleka magunia kwenye kinu. Kilo 100 za zeituni hutoa kilo 15 hivi za mafuta, pengine pungufu. Mafuta mapya ni ya kijani na huwasha koo kama pilipili. Ni mafuta ya namna hiyo, ya zeituni, ambayo Askofu hubariki Alhamisi Kuu, na kila mmoja wetu aliyepata Kipaimara alipakwa katika kipaji cha uso. Sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya mafuta hayo kuna bibi mwenye mgongo unaouma.

Usiku, mbele ya moto, nilimwuliza bibi shamba hili alilipataje. Alisema baba yake alikuwa mkulima wa nusu kwa nusu. Bwana shamba alipotaka kuuza, baba yake alikopa na kununua kipande hiki, akalipa deni kwa miaka mingi. Kaka zake wawili walikuwa wamekwenda Terni. Kisha Januari 1985 ikaja baridi ambayo hawakupata kuiona, na mizeituni ikafa yote, magome yakapasuka. Baba yake, mzee tayari, alikaa kitandani akigeukia ukutani. Kaka zake walikuja wakasema, ng'oa, uza.

"Ikawaje?" nikauliza.

"Tulikata miti usawa wa ardhi," bibi akasema. "Mwaka uliofuata visiki vikachipua. Baba aliuliza nani atabaki avitunze. Nikabaki."

Asubuhi nilikwenda kutazama. Ni kweli: kila mti unatoka ardhini kwa mashina matatu au manne, yamezunguka mahali palipokuwa na shina la kwanza.

NENO LA BINTI YANGU

Siku ya nne tuliifuata njia iliyochongwa ubavuni mwa mlima, bonde liko mkono wa kuume, kuelekea kijiji cha Poreta. Kundi lilikuwa limetawanyika, mimi na binti yangu tuko nyuma. Mtu akisafiri kwa gari husinzia au hutazama dirishani. Kwa miguu maneno hutoka yenyewe. Nikaona sasa ndiyo saa, nikamwambia habari ya mnunuzi.

Hakusimama. Alitembea hatua nyingi kabla ya kujibu.

"Baba, kaka zangu umewauliza mara mbili, wakakataa mara mbili. Mimi hukuniuliza hata mara moja."

Nikamwambia, mwanangu, wajua mila yetu. Kihamba ni cha wana wa kiume. Wewe utaolewa, na ardhi ya babu yako itakwenda ukoo mwingine.

"Na ukimwuzia mnunuzi, itabaki katika ukoo?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Nikasema, wewe uko huku, kahawa italimwa na nani? Akaniambia, kwa adabu lakini bila kusita, kwamba alikuwa amefikiri mambo hayo muda mrefu. Mkataba wake una miaka mitatu. Binamu yake aweza kuajiriwa kupogoa na kuchuma. Fedha za kumlipa atatuma yeye. Kisha atarudi, maana wauguzi wanahitajiwa nyumbani pia. "Nilikuleta huku kwa sababu nilijua nyumbani hatutaongea," akasema. "Nyumbani ungeketi, mimi ningesimama na kuleta chai. Njiani sote tunatembea."

Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilikaza mwendo nikamwacha nyuma. Lakini malengelenge hayana heshima kwa mwenye hasira, na baada ya nusu saa nilikuwa nimekaa juu ya jiwe, viatu mkononi. Akanikuta, akapiga magoti, akafungua shanta lake, akanifunga miguu kitambaa safi, kama anavyowafunga wagonjwa wa watu. Hatukusema kitu. Nilikumbuka kwamba mama yake alipougua, huyu ndiye aliyerudi kwa ndege akakaa miezi miwili.

BARUA YA SPOLETO

Siku ya tano tuliingia Spoleto, mwisho wa safari. Katika kanisa kuu la mji ule imetunzwa barua ndogo, ngozi isiyozidi kiganja, iliyoandikwa kwa mkono wa Mtakatifu Fransisko mwenyewe. Maandishi ya mkono wake yaliyobaki duniani ni machache sana. Alimwandikia Ndugu Leo, rafiki na padre wake. Kiongozi alitueleza maana yake. Fransisko amwita Leo mwanawe, naye asema naye kama mama. Asema kwamba maneno yote waliyoongea njiani anayakusanya katika neno moja fupi, ili Leo asihitaji kuja tena kuuliza: kwa namna yoyote atakayoona yampendeza Bwana, na aifuate, na baraka anayo. Ila mwishoni amwambia, ukiona haja ya kuja, njoo.

Nilisimama mbele ya kile kipande cha ngozi muda mrefu. Watu wawili walitembea katika milima ile ile, yapata miaka 800 iliyopita, wakaongea njiani, na mkubwa akaona ni wajibu wake kufupisha maneno kwa mdogo, tena kumwachia nafasi.

Tulipotoka nje nikamwambia binti yangu: "Kihamba hakiuzwi. Krismasi utakuja nyumbani, nami nitasema jambo lako mbele ya ukoo."

Akauliza, "Na wakikataa?"

Nikamwambia, "Watakataa kwanza. Kisha nitawauliza nani atabaki."

Sijui wazee watajibu nini. Yuko kaka yangu mkubwa, ambaye mila ameishika kuliko mimi, na wako wanangu wawili, ambao huenda wakakumbuka ghafula kwamba wanalipenda shamba. Siku ile patakuwa na maneno. Lakini yule mnunuzi nimekwisha kumjibu.

Wasomaji wapenzi, si kila mtu ataweza kwenda Italia, wala si lazima. Vilima tunavyo, na njia tunazo, tena bure. Ila ninawashauri ninyi wazazi wenzangu jambo moja. Mkiwa na neno zito na mtoto wenu, msimwite barazani asimame mbele yenu. Mchukueni mtembee naye, hata mpaka mtoni na kurudi, mmesikilize. Na mvae viatu vya zamani.